Alama za mtoto wa jirani zisimkoseshe mwanao usingizi

Mtoto wako wa darasa la saba analalamika tumbo kila Jumatatu asubuhi. Umempa dawa ya minyoo, umempima malaria mara mbili, majibu yote ni safi. Jumamosi na sikukuu tumbo halimuumi. Ukimuuliza mwalimu wake, anakwambia kuwa Jumatatu ndiyo siku ya jaribio la Hisabati.

Sasa jiulize jambo moja. Mara ya mwisho ulipozungumza na mtoto huyo kuhusu Hisabati, ulimuuliza amejifunza nini, au ulimuuliza amepata ngapi na fulani amepata ngapi?

Kila mwaka Septemba ikikaribia, mwezi wa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, mazungumzo ya wazazi hubadilika. Matokeo ya mtihani wa utamilifu wa wilaya yakitoka, karatasi hupigwa picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa. Mmoja anaandika kuwa wake amepata 44 kati ya 50. Mwingine anauliza anasoma tuisheni wapi. Wa tatu hasemi kitu, lakini usiku huo nyumbani kwake hakukaliki. Novemba huja zamu ya wazazi wa kidato cha pili na upimaji wao wa kitaifa, na mambo ni yale yale.

Kutaka mwanao afanye vizuri si kosa. Hisabati ndilo somo linalowaangusha wengi nchini. Kwa miaka ya karibuni, katika mtihani wa kidato cha nne, waliofaulu somo hilo wamekuwa kati ya mmoja kwa kila watano na mmoja kwa kila wanne. Una haki ya kuwa na wasiwasi. Tatizo ni pale wasiwasi wako unapohamia kwa mtoto na kuanza kuonekana kwenye usingizi, tumbo na kichwa chake. Wiki hii tutazame jambo hilo kwa upande wa afya.

Alama inasema nini?

Tuanze na karatasi yenyewe, maana wazazi wengi huilinganisha bila kuisoma.

Katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi kila somo lina alama 50. Kuanzia 41 hadi 50 ni daraja A, 31 hadi 40 ni B, 21 hadi 30 ni C, 11 hadi 20 ni D, na chini ya hapo ni E. Maana yake ni kwamba mtoto mwenye 30 amepata C na mwenye 31 amepata B. Kati yao kuna alama moja tu. Pengine mmoja alisoma swali haraka akakosea kuandika jibu. Lakini nyumbani mmoja anapewa soda na mwingine anaitwa mvivu.

Pia kuna bahati. Kwenye maswali ya kuchagua yenye majibu matano, mtoto anayebahatisha hupata moja kwa kila matano kwa wastani. Akibahatisha maswali 10, leo anaweza kupata manne na wiki ijayo asipate hata moja, bila kuongeza wala kupoteza maarifa yoyote. Kwa hiyo alama ikipanda kutoka 27 hadi 30, au ikishuka kutoka 30 hadi 27, usiandae sherehe wala matanga. Angalia mwelekeo wa mitihani minne au mitano.

La tatu ni kwamba mitihani yenyewe haifanani. Mtihani wa utamilifu wa wilaya moja unaweza kuwa mgumu kuliko wa wilaya nyingine. Mtoto wa dada yako aliyepo Mwanza na wako aliyepo Temeke hawakufanya karatasi moja. Hata wanaofanya karatasi moja hawakutoka mahali pamoja. Kuna anayesoma darasa la watoto 40 na kuna anayesoma darasa la watoto 120. Kuna aliyesoma Hisabati kwa Kiswahili miaka saba, akaingia kidato cha kwanza na kukutana na zile zile sehemu, pembe na milinganyo kwa Kiingereza. Huyo akishuka alama mwaka wa kwanza wa sekondari, yawezekana kilichomshinda ni lugha na si hesabu. Mwambie asome swali kwa sauti na alieleze kwa Kiswahili, ndipo utajua.

Mwanzoni mwa 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, liliachana na utaratibu wa miaka mingi wa kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora kitaifa. Huo ulikuwa uamuzi wa ngazi ya taifa. Ngazi ya sebuleni, uamuzi bado ni wako.

Mwilini kunatokea nini

Hofu ya Hisabati ni jambo linalojulikana kitaalamu. Watafiti wamekuwa na vipimo vyake tangu mwaka 1972. Katika utafiti wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2012, uliohusisha wanafunzi wa miaka 15 wa nchi nyingi, karibu sita kati ya kila kumi walisema mara nyingi huwa na wasiwasi kwamba vipindi vya Hisabati vitawawia vigumu.

Mtoto anapoiona karatasi kama hatari, ubongo wake haupambanui sana kati ya hatari hiyo na mbwa mkali. Tezi zilizo juu ya figo hutoa adrenalini na kortisoli. Moyo unaenda mbio, viganja vinatoa jasho, damu inaelekezwa kwenye misuli, na kazi ya tumbo inavurugika. Ndiyo maana maumivu ya Jumatatu ni ya kweli. Mtoto hajifanyi. Ukimwambia anaigiza, unamwongezea mzigo wa pili, kwamba anaumwa na haaminiwi.

Mwaka 2012 watafiti Ian Lyons na Sian Beilock waliwapiga picha za ubongo watu wanaoogopa sana Hisabati. Walikuta kwamba walipokuwa wakisubiri kufanya hesabu, sehemu za ubongo zinazohusika na kuhisi maumivu ya mwili zilichangamka. Hilo lilitokea wakati wa kusubiri. Walipoanza kuzifanya hesabu zenyewe, halikuonekana. Hii inatusaidia kuelewa kwa nini mtoto anaugua usiku wa kuamkia mtihani kuliko ndani ya chumba cha mtihani.

Hofu hiyo pia inapunguza uwezo wa kukokotoa. Mwambie mwanao azidishe 17 kwa 6 kichwani. Atachukua 10 mara 6 apate 60, aishike. Kisha 7 mara 6 apate 42, aishike nayo. Halafu ajumlishe apate 102. Pale anapozishika 60 na 42 kwa muda ni kama meza ndogo yenye nafasi ya vitu vichache. Mtoto mwenye hofu ameshaweka juu ya meza hiyo mambo mengine: baba atasema nini, Neema atakuwa amepata ngapi, nitachapwa viboko vingapi. Ile 60 inaporomoka. Anarudia upya, muda unakwenda, hofu inazidi. Ndiyo maana unasikia mzazi akisema, "Nyumbani alikuwa anaziweza, sijui kwenye mtihani alipatwa na nini."

Hofu inaweza kuanzia kwako

Wapo wazazi wanaosema mbele ya mtoto, "Hata mimi hesabu zilinishinda, ni ya ukoo." Wanadhani wanamfariji.

Mwaka 2015 Erin Maloney na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Marekani kwa watoto 438 wa darasa la kwanza na la pili pamoja na wazazi wao. Watoto ambao wazazi wao waliogopa Hisabati walijifunza kidogo zaidi kwa mwaka ule, na hofu yao wenyewe iliongezeka, ikiwa wazazi hao waliwasaidia kazi za nyumbani mara kwa mara. Wazazi wenye hofu ile ile ambao hawakuwa wakisaidia mara nyingi hawakuwaletea watoto wao athari hiyo.

Usielewe hapo kwamba uachane na daftari la mwanao. Elewa kwamba namna unavyosaidia ina uzito. Mzazi anayeogopa hesabu hukasirika upesi, huvuta daftari na kuandika jibu mwenyewe, au husema, "Kitu rahisi namna hii kinakushinda?" Kama unajijua uko hivyo, badilisha kazi. Mwachie dada, kaka, binamu au mwalimu sehemu ya kufundisha. Wewe hakikisha kuna taa, kuna meza, kuna utulivu, na kaa karibu mtoto akueleze alichofanya. Huhitaji kujua jibu ili kumuuliza, "Hapa ulifikaje?"

Na mnapokwenda sokoni, mwachie mtoto apige hesabu ya nyanya na vitunguu na ahakiki chenji. Hapo hakuna anayempa alama.

Dalili za kuangalia

Mtoto wa miaka 11 hadi 15 ni nadra kusema, "Mama, nina hofu." Mara nyingi utaiona hofu kwa njia nyingine. Angalia haya:

Maumivu ya kichwa au tumbo yanayokuja siku za shule na kutoweka wikiendi. Kukosa usingizi, kuamka usiku, au kuanza tena kukojoa kitandani baada ya kuwa aliacha zamani. Kung'ata kucha, kunyofoa nywele, hasira za ghafla. Kuficha karatasi za majaribio au kukutajia alama zisizo za kweli. Kuacha mchezo aliokuwa akiupenda. Kusema "mimi ni mjinga" mara kwa mara.

Kuhusu kutaja alama za uongo, kuna jambo la kujifunza. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck waliwapa watoto wa darasa la tano nchini Marekani mafumbo ya kutatua. Kundi moja lilisifiwa kwa akili, jingine kwa juhudi. Yalipokuja mafumbo magumu wakakosea, waliosifiwa kwa akili walikata tamaa mapema zaidi, na wengi zaidi kati yao walidanganya walipotakiwa kutaja alama zao. Mtoto aliyezoea kuambiwa "wewe una kichwa kama cha babu yako" huona kila swali gumu ni tishio kwa sifa hiyo. Mwambie badala yake, "Nimeona ulirudia swali lile mara tatu mpaka ukalipata."

Kabla ya kumwita mvivu, mpime

Watoto wengi wanaopelekwa tuisheni ya pili na ya tatu walipaswa kupelekwa kwanza kituo cha afya. Yapo mambo yanayoshusha alama za Hisabati ambayo mwalimu hawezi kuyatibu.

La kwanza ni macho. Mtoto asiyeona mbali hukosea kunakili namba ubaoni: 6 inakuwa 8, 3 inakuwa 5. Anaweza kuwa anajua kabisa njia ya kukokotoa na bado akakosa. Mkiwa kituoni mwambie asome kibao cha daladala inayokuja, ulinganishe na unavyokiona wewe au ndugu yake. Akikunja uso au akisubiri gari lifike karibu, mpeleke akapimwe macho. Miwani inaweza kumpandishia alama kuliko miezi sita ya tuisheni.

La pili ni masikio. Mtoto aliyewahi kutokwa usaha sikioni mara kwa mara anaweza kuwa na usikivu hafifu. Darasani anaonekana hasikilizi, kumbe hasikii.

La tatu ni damu. Upungufu wa damu husababisha uchovu, kusinzia na kushindwa kutulia kwenye kazi moja. Wasichana waliovunja ungo wapo kwenye hatari zaidi, na kwa jinsia zote minyoo ya safura na malaria za mara kwa mara huchangia. Kipimo chake ni rahisi. Nyumbani mpe maharage, dagaa, mboga za majani na nyama inapopatikana, pamoja na chungwa au ndimu inayosaidia mwili kunyonya madini ya chuma. Chai isiwe pamoja na mlo, kwa kuwa inazuia unyonywaji huo.

La nne ni kuzubaa kwa sekunde chache. Mtoto anayekatika katikati ya sentensi, akakodoa macho, kisha akaendelea kama hakuna kilichotokea, na hali hiyo ikijirudia mara nyingi kwa siku, anahitaji kuonwa na daktari. Kuna aina ya kifafa inayokuja hivyo, bila kuanguka wala kutoka povu, na ina dawa.

La tano ni ugumu wa kuzaliwa nao wa kuelewa namba, unaoitwa diskalkulia. Makadirio ya watafiti ni watoto watatu hadi saba kwa kila mia. Mtoto wa darasa la sita bado anahesabu vidole kwa 7 kujumlisha 5, anapata taabu kusema saa, hajui upesi kama 0.4 ni kubwa kuliko 0.35, lakini anasoma na kujieleza vizuri. Huyo si mzito wa akili. Anahitaji kufundishwa kwa vitu vya kushika na kuona, taratibu, na fimbo haitamsaidia kwa lolote. Zungumza na mwalimu mkuu au afisa wa elimu maalumu wa halmashauri yako.

Usingizi ni sehemu ya maandalizi

Hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea kwa nia njema. Shirikisho la wataalamu wa tiba ya usingizi la Marekani lilitoa mwongozo mwaka 2016: watoto wa miaka 6 hadi 12 walale saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10.

Sasa piga hesabu ya nyumbani kwako. Mtoto wa miaka 13 anarudi tuisheni saa 2 usiku, anakula, anafanya kazi za shule, analala saa 5 usiku. Saa 10 alfajiri anaamshwa awahi kipindi cha asubuhi. Amelala saa 5. Kwa kiwango cha chini kabisa amepungukiwa saa 3. Siku tano za shule ni saa 15. Ifikapo Ijumaa mtoto huyo ni kama amekesha usiku mzima na zaidi.

Ni wakati wa usingizi ambapo ubongo hupanga na kuhifadhi yaliyosomwa mchana. Ukimpunguzia mtoto usingizi ili aongeze masomo, unamwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka. Kama tuisheni inamnyima usingizi, punguza tuisheni. Simu ilale sebuleni. Kahawa, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu visitumike kumkesha mtoto, maana kafeini hukaa mwilini kwa saa nyingi na huongeza mapigo ya moyo kwa mtoto ambaye tayari ana hofu.

Mazoezi yanayosaidia

Mzazi anaweza kusema: basi nisilinganishe, lakini nimwandae vipi? Swali zuri, na lina majibu yaliyopimwa.

Njia iliyozoeleka ni kumpa mtoto maswali 40 ya faida na hasara leo, kesho 40 ya eneo, keshokutwa 40 ya wastani. Akimaliza yote anapata tiki na kila mtu anafurahi. Lakini alijua tangu swali la kwanza ni njia gani itatumika. Kwenye mtihani hakuna anayemwambia.

Mwaka 2020 Doug Rohrer na wenzake walichapisha utafiti wa madarasa 54 ya darasa la saba katika jimbo la Florida, Marekani. Madarasa mengine yalifanya mazoezi ya mada moja moja, mengine yalifanya maswali hayo hayo yakiwa yamechanganywa. Baada ya miezi kadhaa walipewa mtihani wa kushtukiza. Waliozoea mchanganyiko walipata wastani wa asilimia 61, wale wengine asilimia 38. Idadi ya maswali waliyofanyia mazoezi ilikuwa sawa. Tofauti ilikuwa mpangilio.

Kwa hiyo nyumbani fanya hivi. Chukua mitihani iliyopita, mchagulie maswali 10 kwa siku ya mada tofauti: moja la sehemu, moja la riba, moja la pembe, moja la uwiano, moja la takwimu. Dakika 40 zinatosha. Ajibu bila kuangalia daftari kwanza, kisha asahihishe. Yale aliyokosa yaandikwe kwenye daftari dogo la makosa, na yarudiwe baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Mwanzoni atakosa mengi na atalalamika kuwa ni magumu. Mweleze kuwa ndivyo ilivyo, na usimlinganishe na anayepata tiki 40 za mada moja.

Daftari hilo la makosa ndilo la kulinganisha. Kama Juni alikosa maswali manne ya sehemu kati ya matano, na Agosti anakosa moja, hayo ni maendeleo unayoweza kuyaona kwa macho, hata kama mtoto wa jirani bado anamzidi alama 12.

Wiki ya mtihani

Siku saba kabla, usianzishe mada mpya. Usiku wa mwisho mtoto ale mapema chakula alichokizoea na alale kwa wakati. Andaa naye penseli, kifutio na sare jioni ili asubuhi isiwe ya kukimbizana. Asubuhi anywe uji au ale kiporo chenye kumshibisha; asiende na tumbo tupu.

Mfundishe mapema, si siku ile, kupumua taratibu: avute hewa akihesabu hadi nne, aitoe akihesabu hadi sita, mara tano. Kutoa hewa polepole hutuliza mapigo ya moyo. Mfundishe pia kuanza na maswali anayoyaweza, kuweka alama kwenye magumu na kuyarudia. Kama anapenda kuandika, amwage wasiwasi wake kwenye karatasi dakika kumi kabla ya kutoka nyumbani. Utafiti wa Gerardo Ramirez na Beilock wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa hilo liliwasaidia wanafunzi wenye hofu, ingawa majaribio yaliyofuata hayakukubaliana yote.

Na maneno yako ya mwisho mlangoni yawe mepesi. "Usiniangushe" ni mzigo. "Nenda kafanye ulichozoea, jioni tutakula pamoja" inatosha.

Karatasi ikifika nyumbani

Alama zikiwa mbaya, subiri hasira yako ipoe kabla ya kuzungumza. Kisha kaeni na karatasi yenyewe, siyo na namba iliyo juu yake. Gawanyeni makosa katika mafungu matatu: aliyokosa kwa haraka, aliyosahau njia, na ambayo hajawahi kuyaelewa. Kila fungu lina dawa yake. La kwanza linahitaji kuhakiki majibu, la pili linahitaji kurudia, la tatu linahitaji mwalimu. Fimbo haimo katika dawa hizo. Mtoto aliyechapwa kwa sababu ya Hisabati hujifunza kuiogopa Hisabati, na kukuogopa wewe.

Kwenye kundi la wazazi, unaweza kupendekeza kwa heshima kwamba alama za watoto zisitumwe hadharani. Wenzako wengi walio kimya watakushukuru. Mkishirikishana, shirikishaneni maswali ya mazoezi, jina la mwalimu anayefundisha vizuri, au mahali panapopimwa macho kwa gharama nafuu.

Lini uende hospitali

Mpeleke mtoto akaonwe kama maumivu ya tumbo au kichwa yanamwamsha usiku, yanaambatana na homa, kutapika, kupungua uzito au kuona ukungu. Usiyahusishe moja kwa moja na mtihani kabla hajapimwa.

Mpeleke pia kama kwa zaidi ya wiki mbili hali vizuri, halali, amejitenga na marafiki, anakataa shule kabisa, au anapata mapigo ya moyo ya kasi na kukosa pumzi darasani. Muulize daktari kuhusu huduma ya afya ya akili kwa watoto.

Mtoto akisema bora asingezaliwa, anatamani kufa, au anataka kujidhuru, usimcheke wala usimkaripie, hata kama unadhani anasema kwa hasira. Usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa, sumu ya panya na vitu vyenye ncha kali, na umfikishe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huduma ya simu kwa mtoto, namba 116, inapigwa bure nchini, na mzazi anaweza kuitumia sawa na mtoto mwenyewe. Iandike mahali ambapo kila mtu nyumbani anaiona, kisha msimulie mwanao ni ya nini.